Maganda ya karanga na bakteria kwa kisima chenye naitreti: je, njia hii inafaa kwa maji ya kunywa?

KatibuMaji_Bahi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, na ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limetugawa katika vikao vitatu mfululizo.

Kisima chetu ni kifupi, cha pampu ya mkono, na kipo kando ya korongo. Kwa miaka mingi hakuna aliyekilalamikia, kwa kuwa maji yake ni maangavu, hayana chumvi kali kama ya kisima cha kitongoji cha pili, na hayakauki hata mwezi wa kumi. Hivi karibuni, kwa ushauri wa mhudumu wa afya, tulipeleka sampuli maabara, na karatasi iliyorudi ina mstari mmoja ambao ndio chanzo cha mzozo: "NO3-N: 21", yaani kipimo cha naitreti. Baadhi ya wajumbe wanasema kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50, kwa hiyo 21 ni kidogo na tuendelee kunywa. Mhudumu wa afya anasema tunaisoma vibaya karatasi hiyo, lakini naye hakuweza kutueleza kosa letu liko wapi.

Katika miaka ya karibuni nyumba zimeongezeka upande wa juu wa kisima, na kila nyumba ina choo chake cha shimo. Nilipima mwenyewe kwa miguu kutoka kwenye pampu hadi choo cha karibu zaidi, nikapata hatua ishirini na nne.

Sasa kuna kijana wetu aliyesoma chuo ambaye anasema nchi za nje husafisha maji ya aina hii kwa kutumia mabaki ya mimea na bakteria. Hapa kwetu, karanga zikishabanguliwa, maganda hurundikwa nyuma ya mashine hadi upepo uyatawanye, na magunzi ya mahindi huishia jikoni kama kuni. Anapendekeza tujaze maganda katika simtanki, tupitishe maji humo, kisha tuyanywe. Mzee mmoja anataka mbegu za mlonge. Mjumbe mwingine anatetea mkaa, ingawa mwaka jana tulichangishana tukanunua kichujio cha mkaa kwa muuzaji aliyetuahidi kwamba kinaondoa kila kitu, na tulipopima juzi kwa vile vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi, maji yaliyoingia na yaliyotoka yalitoa rangi ileile.

Je, wazo la kijana huyu lina msingi wowote wa kitaalamu, au tunataka kuongeza uchafu juu ya uchafu? Na kama lina msingi, simtanki moja itatosha kijiji?

Majitaka_DodomaMjini

Ndugu Katibu, tuanze na karatasi, maana mhudumu wenu wa afya yuko sahihi. Naitreti huandikwa kwa namna mbili. Maabara moja huandika uzito wa naitreti nzima, na nyingine huandika uzito wa naitrojeni peke yake iliyomo ndani ya hiyo naitreti. Ile herufi N baada ya kistari ndiyo inayoonyesha kwamba ninyi mmepewa hesabu ya pili. Ili kuilinganisha na kikomo cha miligramu 50 kwa lita, zidisha kwa 4.43, nanyi mtapata takriban 93. Kikomo hichohicho kikiandikwa kwa naitrojeni ni takriban 11. Kwa vyovyote mtakavyoisoma, kisima chenu kiko karibu mara mbili ya kikomo.

Chanzo, kwa maelezo yako, hakihitaji upelelezi mrefu. Mkojo na kinyesi vinapooza katika udongo wenye hewa, bakteria hugeuza naitrojeni yake kuwa amonia na hatimaye naitreti, ambayo haishikwi na udongo bali husafiri na maji popote yaendapo. Mkoa wetu hupata mvua ya milimita mia tano na hamsini hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kwa hiyo maji mapya ya kuizimua ni machache. Uangavu wa maji hauwezi kuwaambia lolote, kwa sababu naitreti haina rangi, harufu wala ladha katika kiwango hicho.

Kuhusu mapendekezo mengine mawili, nitasema kwa ufupi. Mlonge ni hazina kwa maji ya tope, kwani protini za mbegu zake hubeba chaji chanya na hukusanya chembe za udongo zenye chaji hasi hadi zizame, na wala sipendi wanaoibeza. Lakini naitreti imeyeyuka kabisa, wala si chembe inayoelea, kwa hiyo mlonge hauigusi. Mkaa wa kawaida nao hushika vizuri rangi, harufu na baadhi ya kemikali, lakini huiacha naitreti ipite. Kichujio chenu hakikuharibika. Kiliuzwa kwa kazi isiyo yake.

Kijana wenu, kwa upande mwingine, hajabuni jambo. Wapo bakteria wengi wa kawaida, waliomo katika kila tope la bwawa na kila udongo wenye unyevu, ambao wakikosa oksijeni hupumua naitreti badala yake. Wanapofanya hivyo huivunja hatua kwa hatua hadi ibaki gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani, nayo hutoka majini ikaenda zake. Ili wafanye kazi hiyo wanahitaji chakula chenye kaboni, na hapo ndipo maganda, magunzi au vumbi la mbao vinapoingia. Tafadhali shikeni jambo hili, maana watu wengi hulikosea: maganda hayachuji kitu. Ni chakula cha wafanyakazi ambao hamwaoni, na mkiruhusu hewa iingie, wafanyakazi hao watakula chakula na kupumua oksijeni bila kugusa naitreti.

Kwa nadharia, kila gramu moja ya naitrojeni huhitaji takriban gramu moja ya kaboni. Lita elfu moja za maji yenu zina gramu 21 za naitrojeni, na kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa ganda kavu ni kaboni, gramu hamsini hivi za maganda zingetosha. Hata mkiongeza mara kumi kwa ajili ya upotevu, maganda mnayo. Tatizo ni mwendo. Vitanda vya vipande vya mbao, yaani mashimo yaliyojazwa vipande hivyo na kupitishiwa maji, vilivyopimwa katika nchi mbalimbali huondoa kati ya gramu 2 na 22 za naitrojeni kwa kila mita moja ya ujazo kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, kila mmoja apate lita 25 kwa siku, yaani lita 6,250. Kuondoa naitrojeni yote katika maji hayo, ambayo ni gramu 131 hivi, kunahitaji kitanda cha mita za ujazo 6 mambo yakienda vizuri kabisa, na zaidi ya 60 yakienda vibaya. Joto la Dodoma litawasaidia, lakini mimi nisingepanga kwa kutumia namba ya matumaini. Simtanki moja haitoshi kijiji.

Tena nisingependa myanywe maji hayo moja kwa moja. Yakitoka katika maganda yanakuwa na rangi ya kahawia, mabaki ya mimea na bakteria wengi, na mkiweka klorini, sehemu kubwa itaisha ikipambana na mabaki hayo kabla haijafikia vimelea. Mngehitaji kichujio cha mchanga baada yake, klorini baada ya mchanga, na mtu wa kupima kila wiki. Jumuiya nyingi za maji ninazozijua hushindwa hata kubadilisha mpira wa pampu kwa wakati.

Mahali ambapo mbinu hii inanivutia ni chini ya choo, kabla uchafu haujafika kisimani. Nchini Kanada, watafiti Robertson na Cherry walichapisha mwaka 1995 majaribio ya kuweka tabaka la vumbi la mbao katika njia ya maji yanayotoka kwenye mashimo ya majitaka ya nyumba, na tabaka mojawapo lilipopimwa baada ya miaka 15 lilikuwa bado linaondoa naitreti bila kuongezewa kitu. Juu huwekwa mchanga wenye hewa, ili amonia igeuke kwanza kuwa naitreti. Chini yake huwekwa tabaka la mbao linalobaki na unyevu, ambako naitreti huvunjwa. Mpangilio huo haubadilishwi, kwa sababu bakteria wa tabaka la chini hawana la kufanya na amonia.

MwalimuKemia_Kongwa

Nakubaliana na Ndugu Majitaka kwa sehemu kubwa, ila nadhani amelivunja moyo kidogo jaribio lenyewe, ambalo kijana huyo anaweza kulifanya kwa gharama ndogo na kijiji kizima kikajifunza. Mimi nililifanya na wanafunzi wangu kwa kutumia pipa la plastiki la lita 200, na ninaeleza makosa yetu ili yasirudiwe.

Kosa la kwanza lilikuwa kumimina maji juu na kuweka koki chini, kama watu wanavyojenga kichujio cha mchanga. Maji yalishuka upesi, hewa ikajaa kati ya maganda, na kwa wiki mbili hatukuona badiliko lolote. Tulipogeuza mambo, maji yakaingia chini kwa bomba na kutoka kupitia tundu la juu, upana wa vidole vitatu chini ya mdomo wa pipa, ili maganda yabaki yamezama usiku na mchana. Chini tuliweka kokoto kimo cha shubiri moja, kisha maganda ya karanga yaliyochanganywa na magunzi yaliyopondwa, na juu kokoto tena za kuyakandamiza, maana maganda makavu huelea kama maboya. Bakteria hatukununua. Tulichota vikombe viwili vya tope kutoka ukingoni mwa lambo la kunyweshea ng'ombe, tukalikoroga ndani, basi. Yeyote atakayewauzia unga wa bakteria kwa kazi hii anawauzia kitu mlicho nacho tayari.

Siku tatu za mwanzo maji yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana, na harufu ya pishi lililochacha. Hayo tuliyamwaga. Kuanzia siku ya tano kipande cha kupimia kilionyesha jambo ambalo nawasihi mlitazame kwa makini. Kisanduku cha naitreti kilianza kupauka, na wanafunzi wakashangilia, lakini kisanduku cha pili, cha naitraiti, ambacho siku zote kilikuwa cheupe, kikawa cha waridi iliyokolea. Maana yake ni kwamba bakteria walikuwa wamefika nusu ya njia. Naitraiti ni hatari kuliko naitreti, na kikomo chake ni miligramu 3 tu kwa lita. Mtu anayepima naitreti peke yake angesherehekea siku hiyo na kuwanywesha watoto maji mabaya zaidi ya yale ya kisimani. Tulipopunguza mwendo wa maji, ule uwaridi ulififia na hatimaye ukaisha baada ya siku kama kumi hivi.

Tulipozidisha upole tukaharibu upande wa pili. Wakati wa mtihani tuliacha maji yatone tu, naitreti ikaisha mapema humo ndani, na bakteria wengine wakahamia kwenye salfeti, chumvi ya salfa iliyomo majini. Darasa zima likanuka mayai viza, na mkuu wa shule akataka kujua tunafuga nini.

Kwa hesabu ya Ndugu Majitaka, pipa kama langu likipewa maji ya kisima chenu lingeweza kuhudumia kati ya lita 19 na lita 210 hivi kwa siku. Naona hiyo ni picha ya haki ya jinsi kitu hiki kinavyoyumba. Magunzi hufanya kazi kwa kasi kuliko mbao, lakini huliwa mapema, kwa hiyo kitanda hutitia na kuhitaji kujazwa. Maganda ya karanga yana lignini nyingi, yaani ile sehemu ngumu ya mmea isiyooza upesi, kwa hiyo huenda polepole na hudumu. Ndiyo maana tulichanganya.

Neno moja kuhusu maganda yenyewe. Msichukue yaliyolala chini na kuota ukungu. Sisi watu wa Dodoma hatuna haja ya kukumbushwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, baada ya vifo vya mwaka 2016 hapa na Manyara, na ingawa mlipuko ule ulitokana na mahindi, karanga ni zao jingine ambalo ukungu huo hulipenda. Chukueni maganda ya siku hiyohiyo, yaliyo makavu.

Nesi_wa_Kata

Naomba niongeze mambo ambayo mara nyingi husahaulika watu wakishaanza kuzungumzia mapipa. Tafadhali, Katibu, watangazie akina mama leo hii kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji hupungua kwa mvuke na naitreti hubaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu inakuwa na naitreti kali zaidi. Dawa ya klorini nayo huua vimelea tu. Mama mwenye bidii anayemchemshia mtoto maji dakika ishirini anadhani anamlinda.

Aliye katika hatari kubwa ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo au uji mwepesi kwa maji hayo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu, naye huonekana amechoka bila homa. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama zaidi, hata kama mama anakunywa maji ya kisima hicho, ingawa wajawazito tungependa wapate maji mengine. Kuhusu mifugo, ng'ombe na mbuzi huathirika kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao hugeuza naitreti kuwa naitraiti, lakini kiwango chenu bado kiko chini ya kile kinachowatisha wafugaji, ilimradi wasile pia mabua machanga ya mtama yaliyonyauka kwa ukame, ambayo nayo hukusanya naitreti.

KatibuMaji_Bahi

Ninawashukuru sana. Jana usiku niliitisha wajumbe na nikawasomea hesabu ya 21 mara 4.43, na kwa mara ya kwanza katika vikao vinne hapakuwa na aliyepinga. Tangazo kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti limepitishwa msikitini na kanisani.

Nina maswali mawili. La kwanza, kuna akina mama wanaolima bustani ya mchicha na nyanya chini ya kisima. Je, tutumie pipa la mwalimu kusafisha maji ya bustani, kwa kuwa kwa kunywa halifai? La pili, watoto wachanga na wajawazito tuwape maji gani, kwa sababu kisima cha kitongoji cha pili kina chumvi na kiko mbali?

Majitaka_DodomaMjini

Kwa bustani, hapana, na ninasema hivyo kwa msisitizo. Hiyo naitreti ndiyo mbolea yenyewe. Kila lita elfu moja inabeba gramu 21 za naitrojeni, sawa na gramu 45 hivi za urea ambazo akina mama hawajazinunua, na kuziondoa ili baadaye wamwage mbolea ya duka ni kupoteza nguvu. Wapunguze samadi kidogo, wamwagilie, na mchicha wauvune alasiri ukishapigwa na jua badala ya alfajiri, kwa sababu majani yake hulimbikiza naitreti usiku. Nyanya haina tatizo hilo. Tena kila debe la maji linalovutwa kisimani na kunywewa na mimea ni naitreti ambayo haitarudi chini, mradi wasimwagilie kupita kiasi.

Kwa wachanga na wajawazito, tazameni bati la zahanati au la shule. Mita za mraba 100 za bati, kwa mvua yetu ya kawaida na baada ya kuondoa upotevu, hutoa zaidi ya lita 40,000 kwa msimu, na maji ya mvua karibu hayana naitreti. Kinachowabana ni chombo cha kuhifadhia. Simtanki ya lita 10,000 ikijaa mwezi wa nne na kufungwa kwa kufuli, ikatolewa kwa zamu kwa miezi saba ya kiangazi, inatoa lita 47 kwa siku. Hizo ni lita tatu kwa watu 15, na kama watachanganya sehemu mbili za mvua na moja ya kisima, mchanganyiko utakuwa na miligramu 31 hivi na maji yatawatosha watu 23. Nusu kwa nusu inatoa 46 na kitu, ambayo kwenye karatasi iko chini ya kikomo, lakini kisima hupanda na kushuka, nami nisingemwekea mtoto mchanga nafasi finyu hivyo. Mvua ya kwanza ya msimu imwagwe yote, maana husafisha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, na maji ya wachanga yachemshwe baada ya kuchanganywa, mara moja tu hadi yatokote.

Simtanki ambayo kijana wenu alitaka kuijaza maganda, basi, ijazeni mvua. Maganda yawekeni chini ya vyoo vipya, kuanzia na kile kilicho hatua ishirini na nne kutoka kwenye pampu, ambacho kwa vyovyote kinapaswa kufungwa na kujengwa upya si chini ya mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni.

MwalimuKemia_Kongwa

Naongeza hapo kwenye vyoo. Kama mtajaribu tabaka hilo, anzeni na choo kimoja na chimbeni kishimo cha kuchukulia sampuli pembeni mwake, upande wa bondeni, kwa bomba lenye matundu lililofunikwa kitambaa. Pimeni visanduku vyote viwili kila mwezi, na andikeni tarehe na rangi katika daftari moja. Vipande vya kupimia mtavipata kwa wauza vifaa vya ufugaji wa samaki, na kopo likishafunguliwa lifungwe haraka, kwa sababu unyevu huviharibu na vitaanza kuonyesha rangi isiyo ya kweli.